Dawa Tuliyoipa Jina la Odhiambo

Jumamosi, mchana. Bondo.

Jua la leo halina adabu. Lilianza kuchoma kabla sijamaliza chai, na sasa mabati ya nyumba ya Mama yanalia tak, tak, kila yanapotanuka. Upande wa ziwa kuna wingu jeusi limekaa tangu asubuhi, halisogei wala halinyeshi. Nimekaa kibarazani na simu mkononi, miguu iko juani kwa sababu kivuli kimeniishia. Mama yuko ndani.

Sijaandika hapa kwa muda mrefu. Wachache mnaopitia huku mnajua kwamba mimi huandika nikiwa na hasira au nikiwa na woga. Leo sijui ni kipi kati ya hivyo viwili.

Wiki hii nimeua dawa.

Wacha nieleze, maana najua kuna wageni. Mimi ni mkemia. Sina duka. Nasema hivyo mapema kwa sababu kila nikitaja kazi yangu mtu hunyoosha mkono na karatasi ya daktari akiuliza bei. Naishi Kaloleni, kwenye zile nyumba za zamani za baraza la mji, na nafanya kazi katika maabara ndogo hapo Kisumu. Kazi yetu ni kujaribu kutengeneza dawa ambayo bado haipo, ya mtu ambaye mapafu yake yameumia vibaya kabisa.

Mapafu yakiumia hivyo, iwe ni kwa homa ya mapafu, moshi, gesi au maji ya ziwa, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Askari wa mwili wanakimbilia mahali pale na kuwasha moto bila kuuliza nyumba ni ya nani. Wakati huohuo kuta za mishipa midogo ya damu, ambazo kwa kawaida zimebana vizuri, zinalegea na kuanza kuvuja. Vile vijifuko vya hewa vinajaa maji. Mtu anazama akiwa kitandani, kwenye shuka kavu.

Vipo vitu vinavyoweza kutuliza ule moto, na vipo vinavyoweza kuziba uvujaji. Shida ni kwamba ukivitoa kando kando, kimoja kinawahi kufika na kingine kinapotelea njiani. Ukizima moto peke yake maji yanaendelea kuingia, na ukiziba peke yake moto unatoboa upya. Kwa hivyo tunajaribu kuviunganisha viwe molekuli moja, yenye kichwa huku na kichwa kule, na kiungo chembamba katikati. Vichwa hivyo tunaviita Opiyo na Odongo, kama pacha wa Kijaluo, yule anayetoka kwanza na yule anayemfuata. Opiyo anazima, Odongo anaziba. Kiungo ndicho kinachotutoa jasho. Kikiwa kifupi sana, pacha wanagongana vichwa. Kikiwa kirefu sana, wanatapatapa na hakuna anayeishika kazi yake.

Tulitengeneza nyingi. Karibu zote zilikufa zikiwa changa, na hakuna aliyezililia.

Halafu ikaja moja ambayo haikufa. Kwenye seli za mapafu ilizima moto na ikaziba, pande zote mbili, kama tulivyochora kwenye ubao. Seli ni idara ya Shabani. Shabani ni mtoto wa Kaloleni kama mimi, babu yake alikuja kutoka pwani na biashara ya nguo akasahau kurudi. Siku ile alitoka kwenye chumba cha seli na glavu bado mkononi, jambo ambalo yeye mwenyewe hutugombeza tukilifanya.

"Awuor," akasema, "hii kitu imeshika kote kote."

Ndiyo hiyo niliyoipa jina la ndugu yangu.

Odhiambo alinifuata mimi kuzaliwa. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mmoja wa wale ambao wakikutengenezea lango litakuzika wewe kwanza. Mikono mikubwa, sauti kubwa, deni la soda katika kila kibanda. Siku moja alipewa kazi ya kukata tangi kuukuu. Aliingia ndani yake na moto wake, na lile tangi lilikuwa limeoshwa kwa dawa ya kutoa grisi. Mvuke wa dawa ile ukikutana na moto mkali hugeuka kuwa kitu kingine. Kina jina. Mimi nalijua, nimefundishwa kulichora, na sitalitaja hapa.

Alitoka kwenye tangi akiwa mzima. Hilo ndilo linalonitesa hadi leo. Gesi ile haina haraka. Alitoka, akanywa maji, akakwaruza koo kidogo, akaja kwangu Kaloleni jioni bila kuniambia alikokuwa. Nilikuwa nimepika ngege, wale samaki wa ufuko wa Dunga, na ugali. Alikula, akala hadi kichwa, akanyonya mifupa, akanicheka kwamba ugali wangu ni wa watu wenye vyeti. Wakati huo mapafu yake yalikuwa yameshaharibika. Mimi nilikuwa namwongezea mchuzi.

Asubuhi alishindwa kupanda ngazi mbili. Jioni alikuwa kwenye mashine ya kupumulia. Daktari alikuwa mtu mwema, alitueleza kwa utaratibu kwamba hana dawa ya jambo lile, ana mashine tu na subira. Subira ilikwisha kabla ya mashine.

Tulimzika hapa. Kutoka nilipokaa naliona kaburi lake, pale kando ya ua, na saruji yake ambayo Mama huifagia kama sakafu.

Na baada ya mazishi akaanza kunijia.

Nitaandika wazi, mtakaocheka mcheke. Alikuwa anasimama mlangoni kwangu Kaloleni na ile aproni yake ya ngozi, kinyago cha kuchomelea kimeinuliwa hadi juu ya paji la uso. Mikono ya shati inadondosha maji. Anafungua mdomo na hakuna sauti inayotoka. Ndotoni najua kabisa anachoniomba. Nikiamka nimesahau, na mto umelowa jasho. Hakuwahi kukasirika. Afadhali angekasirika.

Ilikuwa karibu kila usiku. Nikaanza kuuogopa usingizi, nikapungua hadi sketi zikawa zinazunguka kiunoni. Nikaanza kuegemeza kiti mlangoni kabla ya kulala. Mwanamke mwenye shahada tatu anamzuia marehemu kwa kiti cha plastiki! Mchana nilikuwa najicheka mwenyewe.

Kwetu marehemu akikurudia hivyo, watu hawaulizi sana. Anataka jina. Mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wakubwa humwitia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka litajwe lile ambalo mtoto akilisikia ananyamaza na kushika titi. Basi inajulikana ni nani amekuja, na aliyekuwa anasumbua watu ndotoni anatulia. Pasta wetu hapendi habari hizi, ingawa yeye mwenyewe jina lake la nyumbani ni la babu aliyekuja kwa njia hiyohiyo. Lakini Odhiambo hakuacha mke wala mtoto. Mimi sina mtoto. Binamu zangu waliojifungua tangu wakati ule walikuwa na wazee wao waliokuwa mbele kwenye foleni.

Ni Mama aliyetoa wazo. Nilikuwa nimempigia simu kumwambia sijalala, na sauti yangu nadhani ilimtisha. Akaniuliza kwa Kijaluo chake cha polepole:

"Huko kazini kwenu, kuna kitu mnazaa?"

Nikamwambia tunatengeneza dawa, na kwamba iko moja imeanza kuonekana.

"Basi mpe hiyo. Mwite hapo. Apate mahali pa kukaa."

Kesho yake nilichukua kalamu ya wino usiofutika nikaandika kwenye kichupa kwa mkono wangu: Odhiambo. Wenzangu walidhani ni mzaha, maana tulikuwa tayari na Opiyo na Odongo. Siku mbili hazikupita walikuwa wanaiita Odhis, kama mafundi wenzake walivyokuwa wanamwita. Shabani peke yake alielewa, kwa sababu yeye alikuwa hapa siku ya mazishi, alishika koleo. Aliona nilichoandika, akasema bismillahi kwa sauti ya chini, akaendelea na kazi.

Usiku ule nililala kama gunia. Na tangu siku hiyo hakuja tena.

Sielewi. Mimi kazi yangu ni kutoamini jambo mpaka lirudiwe na mtu mwingine katika chumba kingine. Lakini nililala, jamani. Sketi zikarudi mahali pake.

Kilichofuata sikukipanga. Mama aliwaambia wamama wa kanisa kwamba kuna dawa Kisumu inaitwa Odhiambo. Unajua kifo cha kijana kilivyo. Watu walikuwa wameacha kabisa kumwita Min Odhiambo, mama yake Odhiambo, jina alilolibeba tangu ujana wake. Walimwita dada, walimwita mwalimu ingawa alistaafu zamani, mradi tu wakwepe lile jina. Dawa ikawarudishia ruhusa. Wakaanza kumuuliza waziwazi, "Min Odhiambo, Odhiambo anaendeleaje?" Naye anawajibu kwamba sasa yuko kwenye seli, amefaulu, bado mtihani wa panya. Wakawa wanaiombea kwa jina kila Jumapili. Krismasi mzee mmoja alinisimamisha njiani hapa akiomba nimletee kijiko kimoja tu cha Odhiambo kwa ajili ya kikohozi chake. Ilibidi nimweleze kwamba dawa yenyewe ikikubali itakuwa ya watu walio mahututi hospitalini, na kwamba yeye, kwa jinsi alivyokuwa anavuta sigara huku akinieleza, ana safari yake nyingine.

Alhamisi ya wiki hii ndipo ini lilipotusaliti.

Kabla dawa haijapelekwa kwa panya, tunaiweka kwenye seli za ini, kwa sababu kila unachomeza au unachodungwa lazima siku moja kipite kwa ini kikaguliwe. Shabani aliweka Odhis kwenye sahani yake ya visima vidogo, akaiacha, akarudi kuitazama. Nilimwona akitoka. Safari hii glavu alikuwa amevua.

"Zimekufa," akasema. "Zote. Nikasema labda ni mkono wangu, nikarudia. Ni hivyo tu. Usiniangalie hivyo, dada, si mimi nimeua."

Tulitafuta sababu hadi tukaipata, na ni sababu ya aibu kwa jinsi ilivyo rahisi. Ni kiungo. Kile kiungo chembamba ambacho nilikichora mimi, nikakipima, nikajisifu nacho, ini linakiona na kukikata katikati. Opiyo anakwenda zake, Odongo anakwenda zake, na kile kipande kinachobaki kinageuka sumu na kuanza kuua kilichokikata.

Tena sumu yenyewe haina haraka, kama ile gesi ya tangi.

Nilikaa kwenye kiti cha maabara. Sikutaka kufikiri nilichokuwa nafikiri.

Jana, Ijumaa, tulikutana kuamua dawa ipi iende kwa panya. Moja tu ndiyo inaweza kwenda. Kulikuwa na Odhis, na kulikuwa na nyingine aliyoitengeneza mwenzetu mmoja, yenye kiungo kigumu kisichopendeza hata kwenye mchoro. Opiyo wake anafanya kazi vizuri. Odongo wake ni mvivu, anaziba nusu. Lakini ini linaipitisha bila neno. Haina jina, ina namba tu.

Niliongea kwa muda mrefu. Profesa anayetuongoza aliniachia niongee. Nikasema tupunguze kipimo. Nikasema seli za kwenye sahani si ini la mtu. Nikasema kuna dawa nyingi za siku hizi ambazo zilianza vibaya kuliko hii. Kila nilichosema kilikuwa kweli kwa nusu, kama Odongo wa ile nyingine. Nilisikia jinsi sauti yangu ilivyokuwa inapanda. Sikuwa natetea dawa. Nilikuwa natetea usingizi wangu, na lile jina kinywani mwa wamama wa kanisa.

Nilipomaliza, Profesa akasema, "Awuor, wewe ndiye umeibeba. Nikikuachia wewe useme, utasema nini?"

Shabani alikuwa anatazama meza.

Nikawaza dada wa mtu. Sijui kwa nini si mama au mke, dada tu. Amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mashine, kama nilivyokaa, na daktari anatoka kumwambia kuna dawa mpya, inaitwa Odhiambo, mapafu yake yameanza kukauka. Anashukuru Mungu. Halafu siku zinapita, na macho ya ndugu yake yanaanza kuwa ya njano.

Nikasema isiende. Nikainua mkono mwenyewe kuipigia kura ile isiyo na jina.

Sheria yetu ni kwamba dawa ikiachwa, aliyeibeba ndiye anayeimaliza. Kiasi kidogo cha unga hubaki kwenye friji ya kumbukumbu kwa namba, bila jina, na kile kilichokwisha kuyeyushwa humwagwa kwenye pipa la taka za kemikali. Niliomba niachwe peke yangu na hawakuuliza. Nilifungua kichupa kimoja kimoja nikamimina. Ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Mwishoni nikajikuta nimesema "Oriti", kama unavyomuaga mtu mlangoni. Halafu nikalifuta lile jina kwa spiriti, maana hakuna wino usiofutika kwa mkemia.

Nikaenda Dunga, kwa sababu sikuweza kwenda nyumbani moja kwa moja. Omena zilikuwa zimeanikwa kwenye nyavu, wanawake wanazigeuza, wengine wanabishana bei na wenye mashua. Nilinunua omena za Mama. Yule mwanamke muuzaji akanitazama akaniongezea konzi nzima bila kuniambia sababu. Nadhani nilikuwa na sura ya mtu anayetoka matangani.

Usiku wa jana sikulala. Si kwamba alikuja. Nilikaa macho ili asije.

Asubuhi ya leo nimefika hapa. Mama alikuwa kibarazani anabambua njugu kwenye ungo, na kabla sijaweka mfuko chini akaniambia wamama wa kanisa watakuja kesho baada ya ibada, watasali kaburini kwa ajili ya mtihani wa panya. Ameshanunua sukari. Ameazima viti.

Nikamwambia hapohapo, nikiwa nimesimama. Ningekaa nisingesema.

Nilimweleza habari ya ini, na kiungo, na mkutano. Nilimweleza kwamba nimeimwaga. Alikuwa anaendelea kubambua njugu, maganda huku, punje kule, na vidole vyake havikupotea njia hata mara moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Nilikuwa nimejiandaa hata aniulize ninathubutuje kumzika mtoto wake mara ya pili. Jibu la swali hilo nililitafuta njia nzima na sikulipata.

"Kwa hivyo jina limetoka," akasema.

"Limetoka, Mama."

"Haliko kwa kitu chochote."

"Haliko."

Akapuliza maganda kwenye ungo.

"Basi atarudi."

Nilitaka kumwambia samahani. Nilitaka kumwambia ndiyo, na mimi naogopa sana, Mama, naomba nilale chumbani kwako leo. Kisha nikaisikia sauti yake vizuri, kama inavyorudi masikioni baada ya kutamkwa. Haikuwa sauti ya woga. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyeambiwa kwamba mtoto wake aliye kazini mbali amepewa likizo.

Nikakaa chini.

"Kwani alikuwa anakuja na kwako?"

"Alikuwa anakuja." Hakuniangalia. "Kwangu anakaa pale, mlangoni pa jikoni. Ananiuliza kama kuni ziko. Na anapumua, nyara. Anapumua tu hivi, polepole, kama mtu ametoka kuoga."

Binti yangu, ananiita. Nyara. Huniita hivyo akiwa amechoka.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Wewe ulikuwa unaisha. Ulikuja hapa Pasaka nguo zinakuvaa. Yeye alikuwa ameshaenda, wewe ulikuwa bado." Akazimimina njugu kwenye sufuria, zikapiga kelele. "Nikasema apewe jina akuachilie wewe. Sikujua ataniacha na mimi."

Muda wote ule nikilala kama gunia, nikimpigia simu kila asubuhi kumwambia, "Mama, nimelala vizuri, ero kamano, asante," yeye upande wa pili anajibu, "Asante Yesu." Alikuwa amemtoa Odhiambo wake ili mimi nilale. Na kila asubuhi nilikuwa nampigia kumkumbusha.

Nilitaka kumshika mkono. Akaukung'uta kwanza, akaufuta kwenye leso, ndipo akanipa. Halafu akasimama, akasema njugu nizitazame kuku wasizile, akaingia ndani. Nikasikia pazia linavutwa. Nikasikia kitanda.

Mama halali mchana. Sijawahi kumwona amelala mchana, hata akiwa na malaria hukaa kitini akatetemeka. Husema mchana ni wa Mungu na jembe. Na sasa hivi jua liko juu, nguo ziko kwenye kamba, chungu hakijabandikwa, na Mama amejilaza kwa makusudi.

Kwa hivyo nimekaa hapa naandika, na kazi yangu ni kufukuza kuku. Kuna jogoo mmoja hapa hana ratiba, huwika akijisikia. Nimemrushia ganda la njugu, nimemrushia kandambili, hatimaye nimemkamata nikamfunga kwenye choo cha zamani. Redio ya nyumba ya pili nimekwenda kuomba ipunguzwe. Jumatatu nitarudi kwenye ile dawa yenye namba na Odongo wake mvivu, nitaanza kukichora kiungo chake upya, na sitaipa jina la mtu. Hilo nimeshaamua. Usiku wa leo nitalala, bila kiti mlangoni. Akija kwangu na maji yake nitamkaribisha akae. Kama hataweza kusema, basi tutakaa tu.

Nyar Gem amefika langoni sasa hivi. Ni jirani yetu, mmoja wa wale wamama wa kanisa, na salamu zake husikika hadi barabarani, kwa hivyo nimekimbia kumwahi kabla hajafungua mdomo. Amekuja kuulizia viti vya kesho.

"Mama amelala," nimemwambia.

"Amelala? Saa hii? Ni mgonjwa?"

"Hapana. Ana mgeni."

Sijui kwa nini nimesema hivyo. Ametazama kibarazani, ambako kuna viatu vya Mama na vyangu tu. Kisha amenitazama mimi. Hakuuliza ni mgeni gani. Amelishika lango kwa mikono miwili ili lisilie, lango ambalo Odhiambo alilichomelea mwenyewe, akalifunga polepole, akaondoka.

Nimerudi kukaa. Lile wingu bado liko juu ya ziwa. Ndani ni kimya kabisa, hata pumzi za Mama sizisikii kutoka hapa. Tangu juzi nimekuwa naogopa kwamba atakuja.

Na kama Mama akiamka aniambie hakuja?